Unauza bia nyekundu ya Ireland? Ionje kabla hujaposti

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mara ya kwanza kuipata hii bia niliangalia rangi tu, nikaposti: "Bia nyekundu, tamu kama juisi ya zabibu." Mteja akaagiza chupa sita. Kesho yake naletewa ujumbe wa sauti: "Dada, huo utamu uko wapi?" Nikarudisha hela, na nauli ya boda ikawa juu yangu.

Huo wekundu hautoki kwenye matunda, jamani. Kwa kawaida unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa mpaka ikaiva sana, ile ile inayoipa stauti weusi wake, ila hapa wanatia kidogo tu. Mimina kwenye glasi safi uinue juu: utaona rangi ya shaba inayovuta kwenye wekundu, na povu jeupe lenye ukahawia kwa mbali, kama maziwa yaliyodondoshewa chai. Ukipiga picha, weka glasi mbele ya dirisha ili mwanga utokee nyuma yake. Ukiipigia kivulini inatoka kama chai ya rangi, na hakuna atakayekuamini ukisema ni nyekundu.

Harufu inataka subira. Bia ikiwa ya baridi sana harufu inajificha, kwa hiyo itoe kwenye friji dakika kumi hivi kabla ya kuionja. Utasikia tofi, sukari iliyoanza kuungua, mkate wa tosti. Hopsi zipo kwa mbali sana. Anayetafuta harufu ya machungwa au maua, mpe bia nyingine.

Mdomoni inaanza na utamu mdogo wa tofi, halafu inaishia kavu, yaani haiachi sukari kwenye ulimi. Hapo ndipo mimi nilipochemka. Ule ukavu wa mwisho ni kazi ya shayiri iliyokaangwa. Uchungu ni wa wastani, na kilevi mara nyingi ni kati ya asilimia 4 na 5, kwa hiyo si nzito kama wengi wanavyodhani wakiiona. Kwa nyama choma inakaa vizuri sana.

Inayojulikana zaidi ni Smithwick's (hiyo "w" haitamkwi). Historia yake inaanzia mji wa Kilkenny mwaka 1710, lakini kiwanda cha pale kilifungwa 2013 na utengenezaji ukahamia Dublin. Usiandike "moja kwa moja kutoka Kilkenny", kuna wateja wanajua. Na ile bia inayoitwa Kilkenny ni nyingine, ina nitrojeni na povu zito laini.

Siku hizi naandika hivi: "Rangi ya shaba nyekundu, harufu ya tofi na tosti, utamu kidogo mwanzoni, mwisho mkavu. Si tamu kama soda. Miaka 18 na kuendelea."

Yule mteja wangu nilimtumia maelezo haya mapya. Akacheka, akasema basi hiyo si yake. Akachukua saida.