Waya Nzuri, Sauti Nzuri

Bunyakiri ni nchi ya milima na mvua nyingi. Iko katika eneo la Kalehe, mkoa wa Kivu ya Kusini. Mtu atokaye Bukavu hupita Miti, kisha barabara huingia katika msitu wa Kahuzi-Biega, hata kufika Bulambika, penye soko kubwa. Huko watu wengi hupata umeme wao kutoka jua. Huweka paneli juu ya paa, nayo hujaza betri ya volti 12. Betri hiyo huwasha taa na redio.

Katika nyumba moja palikuwa na redio na bafle mbili. Kila jioni watu wa nyumba hiyo walisikiliza habari kwa Kiswahili kutoka Redio Okapi, iliyoanza kutangaza mwaka 2002. Siku moja sauti iliharibika. Bafle moja ilikwaruza, ya pili ikanyamaza kabisa. Baba akasema, “Redio hii imezeeka. Kesho nitauza mbuzi, ninunue nyingine.”

Binti yake akahuzunika, kwa maana mbuzi yule alikuwa wa kununulia madaftari na nguo za shule. Akasema kwa heshima, “Baba, tafadhali, tumwite fundi kwanza.” Baba akakubali.

Fundi alipofika hakuifungua redio. Kwanza aliitenga na betri, kisha akazitazama waya, moja baada ya nyingine. Baba akamwuliza, “Fundi, mbona huitazami redio?” Fundi akajibu, “Mzee, sauti hutoka redioni, lakini husafiri ndani ya waya. Njia ikiharibika, msafiri hafiki.”

Ndivyo ilivyo. Redio haipeleki sauti yenyewe katika waya. Hupeleka umeme unaotetemeka. Bafle ndiyo inayougeuza umeme huo kuwa sauti. Kwa hiyo mwenye kutaka sauti njema huangalia mambo manne.

Kwanza, unene wa waya. Maji ya chemchemi yakipita katika mwanzi mwembamba, hutoka machache. Yakipita katika mwanzi mnene, hutoka mengi. Umeme nao ni vivyo hivyo. Tuseme bafle ya omu 4 iko mbali na redio kwa meta 10. Waya ya shaba ikiwa na unene wa milimeta mraba nusu tu, karibu sehemu moja ya saba ya nguvu hupotea njiani na kuwa joto. Ikiwa na milimeta mraba 2.5, hupotea karibu sehemu moja ya thelathini tu. Tena waya fupi hupoteza kidogo kuliko ndefu. Kwa hiyo afadhali kusogeza bafle kuliko kurefusha waya bure.

Pili, madini ya waya. Shaba hupitisha umeme vizuri sana. Kongo ina shaba nyingi katika nchi ya Katanga, na kwa miaka mingi, hata mwaka 1997, mkoa huo uliitwa Shaba. Zamani wenyeji wa huko waliyeyusha shaba na kuifanya misalaba midogo, wakaitumia kama fedha. Lakini sokoni kuna waya nyingine za alumini zilizopakwa shaba juu tu. Mnunuzi mwerevu hukwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani, si shaba tupu. Alumini hupitisha umeme pia, lakini waya yake yapaswa kuwa nene zaidi ili ifanye kazi ileile.

Tatu, viungo. Mahali waya inapoungana na redio au bafle pana fishi, yaani kichwa cha waya. Fishi ikilegea, sauti hukwaruza. Nchi ya mvua nyingi ina unyevu, na unyevu huifanya shaba kuwa nyeusi au ya kijani. Uchafu huo huzuia umeme. Dawa yake ni kusugua fishi kwa kitambaa kikavu chenye spiriti kidogo. Kuna fishi zilizopakwa dhahabu. Dhahabu haishiki kutu, lakini haiongezi utamu katika sauti. Fishi ya kawaida, iliyo safi na iliyokazwa vema, yatosha.

Nne, mpango wa waya. Waya ya bafle ina nyuzi mbili. Nyekundu huunganishwa na alama ya kujumlisha, na nyeusi na alama ya kutoa. Bafle moja ikigeuzwa, hizo mbili hushindana: moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na sauti nzito hupungua. Tena waya nyembamba iletayo muziki kutoka simu isilale pamoja na waya za umeme wa jenereta, kwani itaokota mvumo wake. Zikilazimika kukutana, zipishane kama njia panda, zisifuatane.

Wachuuzi wengine husema kwamba waya ya bei kubwa sana huleta sauti ya ajabu. Mnunuzi asidanganyike. Waya fupi ya shaba, yenye unene wa kutosha na viungo safi, hufanya kazi yote inayohitajiwa.

Yule fundi aliona nini? Fishi ya bafle ya kwanza ilikuwa ya kijani kwa kutu. Waya ya bafle ya pili ilikatwa na panya nyuma ya kabati. Akasugua fishi. Akakata kipande kibovu, akaunganisha nyuzi upya, akazifunga kwa utepe wa umeme ili nyekundu na nyeusi zisigusane. Maana zikigusana, redio yaweza kuungua. Kisha akaiwasha. Sauti ikatoka wazi katika bafle zote mbili, hata majirani wakaja kusikiliza.

Baba akamlipa fundi fedha kidogo. Mbuzi akabaki zizini, na shule zilipofunguliwa binti akapata madaftari yake. Tangu siku ile yeye ndiye anayesafisha fishi kila mwezi, baada ya kuitenga redio na betri. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali

1. Kwa nini baba alitaka kumwuza mbuzi?
2. Ni kitu gani kinachosafiri ndani ya waya ya bafle?
3. Mnunuzi atajuaje kama waya ni ya shaba tupu?
4. Tazama waya za redio ya nyumbani kwenu, bila kuzigusa. Je, ni nene au nyembamba? Je, fishi ni safi?