Riwaya za aibu za Wafaransa: Zifichwe au zisomwe?

Msomaji, hebu tuseme unatandika kitanda cha binti yako wa kidato cha nne na chini ya godoro unakuta kitabu. Unafungua kurasa mbili tatu na kumwona mke wa tabibu akimkimbilia hawara. Utafanyaje? Utakichoma? Utamwita baba yake? Au utaketi ukisome?

Kabla hujaamua, fahamu kwamba swali hilo si geni. Wafaransa walianza kulibishania zaidi ya miaka 200 iliyopita, na vitabu vyenyewe walivyovigombania vina funzo kwa wazazi na wanafunzi pia.

Mnamo 1782, afisa wa kikosi cha mizinga aitwaye Choderlos de Laclos alichapisha Les Liaisons dangereuses, yaani Mahusiano ya Hatari. Riwaya hiyo yote ni barua, 175 kwa jumla. Ndani yake Marquise de Merteuil na Vicomte de Valmont, wapenzi wa zamani, wanafanya mchezo wa kuwaharibu wengine. Mmoja wa wanaonaswa ni Cécile, msichana wa miaka 15 aliyetoka juzi tu kulelewa na watawa.

Nakala 2,000 za kwanza ziliisha haraka sana, na mwaka uo huo ikabidi nyingine zichapishwe. Inasimuliwa kwamba hata Malkia Marie-Antoinette alikuwa na yake, ila jalada halikuandikwa jina la kitabu wala la mwandishi. Kumbe malkia naye alikuwa na godoro lake!

Si wote waliosoma kwa kujificha. Bi. Riccoboni, mwandishi wa riwaya aliyejulikana sana wakati huo, alimwandikia Laclos waziwazi akilalamika. Alisema Merteuil amewavunjia heshima wanawake wa Ufaransa, na kwamba wageni watadhani wote wako hivyo. Laclos alimjibu kwa adabu kuwa mwanamke mwovu kama huyo aweza kutoka nchi yoyote. Waliandikiana mara kadhaa, na baadaye barua hizo zikachapishwa pamoja na riwaya yenyewe.

Miaka 75 baadaye, mambo yalifika kortini. Gustave Flaubert alikuwa amechapisha Madame Bovary kidogo kidogo katika jarida la Revue de Paris mwaka wa 1856. Ni hadithi ya Emma, mke wa tabibu wa kijijini, anayechoshwa na ndoa, anatafuta wapenzi wawili, anazama katika madeni na hatimaye anakunywa sumu.

Mnamo Januari 1857 kiongozi wa mashtaka, Ernest Pinard, alimshtaki Flaubert kwa kuchafua maadili na dini. Hofu yake ilikuwa nini? Kwamba kurasa hizo zingeangukia mikononi mwa wasichana na wake za watu. Wakili Jules Sénard akajibu kuwa kitabu kinamtisha msomaji aepuke uovu. Tarehe 7 Februari Flaubert aliachiliwa, ingawa korti ilimkemea. Kesi ile ikawa tangazo, kitabu kikanunuliwa kwa wingi.

Wakati mabwana hao wakibishana kuhusu wanawake, je, wanawake wenyewe walisemaje? Mmoja wao, Bi. Leroyer de Chantepie, mkazi wa mji wa Angers ambaye hakuwahi kuolewa, alimwandikia Flaubert barua. Hakusema kwamba alitamani kutafuta hawara. Alisema ameutambua upweke wa Emma, na kwamba alilia. Flaubert alimjibu, nao wakaandikiana kwa miaka mingi bila kuonana hata mara moja.

Sasa turudi kwenye godoro, kwa maana riwaya zote mbili zinalo.

Emma alipokuwa shuleni kwa watawa, mama mmoja mzee aliyekuja kushona nguo aliwapenyezea wasichana vitabu vya mapenzi katika mifuko ya aproni. Emma alivisoma kwa siri, akaviamini vyote. Hakuwa na mtu wa kumwambia kuwa ndoa ya kitabuni si ndoa ya nyumbani.

Naye Cécile je? Mama yake alipekua meza yake ya kuandikia, akakuta barua za kijana aliyempenda, akamnyang'anya kwa ukali. Hakuketi naye. Basi binti akamkimbilia Merteuil kwa ushauri, na barua zake akazipitishia kwa Valmont. Ndipo Valmont alipopata ufunguo wa chumba chake. Mama alidhani amefunga mlango, kumbe amefungua mwingine.

Mzazi mwenzangu, usidhani nakuambia riwaya hizi ni za watoto wadogo. La hasha! Lakini kijana wa kidato cha nne ameshasikia mengi kuliko hayo, na hukumsimulia wewe. Kichukue kitabu hicho, ukisome hadi mwisho, kisha umwulize: Berthe, binti mdogo wa Emma, aliishia wapi? Atakujibu kwamba alibaki yatima, akapelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha pamba. Kutoka hapo mazungumzo yatajiendea yenyewe.

Nawe mwanafunzi, kitoe kitabu chini ya godoro, ukiweke mezani. Ukikwama, uliza.