JIKO LA MKAA NA SOMO LA KEMIA



 Makala hii inaeleza misingi michache ya kemia kwa kutumia kitu kilichomo katika nyumba zetu nyingi: jiko la mkaa.

Kemia ni nini?

Kemia ni elimu ya vitu: vimeundwa na nini, na vinabadilikaje. Vitu tunavyovishika vimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Kitu chenye atomu za aina moja tu huitwa elementi, mfano kaboni na oksijeni. Elementi mbili au zaidi zikiungana, hupatikana kampaundi. Maji yakiganda kuwa barafu bado ni maji. Lakini mkaa ukishaungua haurudi tena kuwa mkaa. Hilo ndilo badiliko la kikemia.

Wanasayansi hujuaje?

Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, alisisitiza kuwa maneno ya wataalamu waliotangulia yapimwe kwa majaribio. Nasi tujaribu, mbele ya mtu mzima. Washa mishumaa miwili iliyo sawa. Funika mmoja kwa glasi ndogo, wa pili kwa chombo kikubwa cha kioo. Kabla ya kufunika, kisia: upi utazimika mapema? Kisha tazama, na urudie mara tatu. Utaona wa glasi ndogo unatangulia kuzimika. Kwa kuwa tofauti ilikuwa ukubwa wa chombo tu, tunapata jibu: moto unategemea hewa. Oksijeni ikipungua sana, moto hufa. Swali, kisio, jaribio, kurudia, hitimisho: hiyo ndiyo njia ya sayansi.

Hatari iliyojificha

Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Ukipata oksijeni ya kutosha hutoa kaboni dayoksaidi, yenye atomu moja ya kaboni na mbili za oksijeni. Isipotosha, hutoka pia kaboni monoksaidi, yenye atomu moja ya kila aina. Tofauti ni atomu moja tu, lakini gesi hii ya pili ni sumu. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hupoteza fahamu. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Wapo wasemao kuwa mkaa ulioshika vizuri hauna moshi, kwa hiyo hauna madhara. Hayo ni makosa, kwani jicho haliioni gesi hii.

Basi wazazi na wanafunzi, tuzingatie haya:

1. Tusilale na jiko la mkaa chumbani, hata kukiwa na mvua au baridi kali.
2. Tupikie nje, au mahali panapopitisha hewa vizuri.
3. Tukimkuta mtu amezidiwa, tufungue milango, tumtoe nje haraka na kumpeleka hospitali.

Mtume (S.A.W.) alitukataza kuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala. Kemia inatuonyesha mojawapo ya faida za katazo hilo.