Hijabu Moja, Filamu Mbili

Tuseme ukweli. Filamu ya ng'ambo ikionyesha mtaa wa Wasomali, halafu mwanamke aliyejifunika nguo nyeusi apite mbele ya kamera, tayari ushaanza kungoja bomu. Hakuna aliyekuambia. Nguo ndiyo imekuambia.

Chukua Eye in the Sky ya 2015. Hadithi ni ya Eastleigh, ingawa walienda kuipigia Afrika Kusini (tutado?). Helen Mirren ni kanali Mwingereza anayemsaka mwanamke mmoja, na presha inapanda kwa sababu hawawezi kuthibitisha sura yake. Mpaka Barkhad Abdi aingize ndani ya nyumba kamera yenye umbo la mdudu. Hapo vazi ni ukuta, na nyuma ya ukuta kuna hatari.

Sasa njoo huku kwetu. Buna, Wajir Kaskazini, haina ukumbi wa sinema. Filamu tunaangalia kwa simu, moja vichwa sita. Hivyo ndivyo nilivyoiona Watu Wote, filamu ya dakika 22 ya Mjerumani Katja Benrath, iliyoteuliwa kuwania Oscar 2018. Wanaongea Kiswahili na Kisomali, si Kiingereza cha kuazima.

Kisa ni cha kweli. Novemba 2014, basi lilitekwa Mandera na abiria 28 wasio Waislamu wakatengwa na kuuawa. Kwa hivyo tarehe 21 Desemba 2015, Al-Shabaab waliposimamisha basi lingine karibu na El Wak, kila abiria alijua kutengwa kunamaanisha nini. Waislamu wakakataa kutengana. Akina mama wakawapa Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Kwenye filamu tunamfuata Jua, Mkristo asiyewaamini Waislamu aliopanda nao. Na anafunikwa. Kitambaa kilekile ambacho kwingine kinaficha muuaji, hapa kinamficha anayetafutwa auawe. Anayempa naye ameweka shingo yake hapo.

Lakini kilichonikaa kichwani ni hiki: ujanja ule ungeweza kufaulu kwa sababu wauaji nao wanamsoma mwanamke kwa nguo. Umejifunika, wewe ni wetu. Hujajifunika, shuka. Manze, si ndivyo kamera za ng'ambo zinavyotusoma pia, ila kwa kugeuza tu?

Halafu hii nyeusi kila mahali, nani aliwaambia? Njoo harusi huku uone dera za manjano, za waridi, za rangi ya chungwa, nyepesi mpaka mwanga unapita. Mke wa mtu utamjua kwa shaash kichwani. Mwongozaji akitaka rangi zenye maana, ziko tele. Mimi nangoja filamu ambayo msichana wa hijabu anapita, anaulizia bei ya maziwa ya ngamia, anakataa, anaenda zake. Na hakuna kinacholipuka.