Neema Inatangulia: Zakayo, Mnyang'anyi na Gunia la Unga

Masomo: Luka 19:1-10, Luka 23:39-43, Waefeso 2:8-10



Siku moja baada ya ibada mama mmoja alinifuata nje, akasema kwa sauti ya chini: “Pasta, wakati ule wa uporaji mtoto wangu alileta nyumbani gunia la unga na bidoni ya mafuta. Sikumuuliza. Tulikuwa na njaa, tukapika, tukala. Sasa kila nikipiga magoti ninaliona lile gunia. Je, mimi bado nimeokoka?”

Hakuna mtu wa Bukavu atakayeuliza ni wakati gani. Mwezi wa pili wa mwaka 2025, mji ulipobaki bila ulinzi, maduka na depo vilivunjwa. Katika depo za PAM peke yake, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, zilichukuliwa tani karibu 7,000 za chakula kilichowekwa kwa ajili ya watu wenye shida. Tusijidanganye kwamba waliobeba walikuwa wapagani tu.

Swali la mama huyu linagusa mambo matatu ambayo waamini wengi wanayachanganya: neema, imani na utii.

Makosa mawili

Wa kwanza anasema: “Damu ya Yesu imenisafisha, yaliyopita yamepita.” Anaimba haleluya huku amekalia kiti cha jirani yake. Wa pili anasema: “Nikifunga siku saba, nikitoa zaka mara mbili, Mungu atanikubali.” Huyo anataka kulipa deni ambalo hakuna franga inayoweza kulilipa.

Mtume Paulo anawajibu wote wawili katika Waefeso 2:8-10. Wokovu ni zawadi ya Mungu, tunaupokea kwa imani, wala matendo yetu hayakuununua. Lakini papo hapo anaongeza kwamba Mungu alituumba upya katika Kristo kwa ajili ya matendo mema. Angalieni vizuri: matendo hayako mlangoni kama malipo ya kuingilia. Yako ndani ya nyumba, kama kazi ya watoto wa nyumba hiyo.

Zakayo aliweza kurudisha

Zakayo alikuwa bado juu ya mti, hajarudisha hata senti moja, Yesu alipomwita kwa jina na kusema atashinda kwake. Hiyo ni neema, nayo ilitangulia. Zakayo akashuka mbio, akampokea kwa furaha. Hiyo ni imani. Ndipo akasimama, akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Huo ni utii.

Torati katika Hesabu 5:7 ilidai mtu arudishe kitu chote na kuongeza sehemu moja ya tano. Zakayo alipita hapo mbali sana, wala Luka hasemi kwamba Yesu alimwagiza. Anayelipa ili apate wokovu huuliza, “Kiasi gani kinatosha?” Aliyeokoka huuliza, “Nani mwingine niliyemkosea?”

Mnyang'anyi hakuweza

Yule mnyang'anyi msalabani hakubatizwa, hakutoa zaka, hakupata nafasi ya kurudisha alichoiba. Hata hivyo Yesu alimwahidi Paradiso siku ile ile. Kama kurudisha kungekuwa bei ya wokovu, mtu huyu angepotea.

Lakini naye alitii. Alikiri kwamba adhabu yake ni ya haki, akamkemea mwenzake, akamwomba Yesu amkumbuke. Mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari, mdomo wake ulikuwa huru, na mdomo ukatii. Mungu hadai utii kwa kitu ambacho huna. Anautafuta katika kile ulichobaki nacho.

Mfano wa umeme wetu

Umeme wetu unatoka kwenye maji ya Ruzizi, si kwenye taa ya nyumba yako. Waya unauleta, lakini waya haukuutengeneza. Neema ni umeme, imani ni waya, utii ni mwanga. Hakuna anayewasha taa ili maji ya Ruzizi yaanze kutembea. Lakini umeme ukiwepo na nyumba yako ikakaa giza, fundi atauliza kama waya umefika kweli. Ndiyo maana ya Yakobo 2:17: imani isiyo na matendo imekufa.

Tufanye nini basi?

Nilimwambia yule mama kwanza aungame na aamini kwamba amesamehewa (1 Yohana 1:9). Asianze na gunia, aanze na msalaba.

Kama mwenye mali anajulikana, umwendee. Kama kitu kimekwisha, mwambie ukweli, mpatane kulipa kidogo kidogo. Ukiogopa kwenda peke yako, mwombe mzee wa kanisa akusindikize.

Kama mwenye mali hapatikani, shika Waefeso 4:28: mwizi aache kuiba, afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumgawia mhitaji. Unga ule ulikuwa wa wenye shida, basi jasho lako liwafikie wenye shida. Wala usilete kitu cha wizi madhabahuni kama sadaka, maana Mungu anachukia wizi (Isaya 61:8).

Na kijana wako usimfukuze. Mkalishe, umwambie: “Mwanangu, wewe ulileta, na mimi nilipika. Tutubu pamoja.”

Mama yule anauza sambaza. Siku hizi, kila juma, anatenga fungu moja kwa familia ya wakimbizi iliyo jirani naye. Aliniambia kwamba gunia bado analikumbuka, lakini halimzuii tena kuomba.

Ndugu, dada, kama kuna kitu nyumbani mwako ambacho si chako, usingoje kukirudisha ndipo umwite Yesu. Mwite leo, jinsi ulivyo. Akishaingia, wewe mwenyewe hutakubali kitu kile kilale tena katika nyumba anamokaa yeye.

Bwana awabariki.