Bwana rumba, bibi nyimbo za Mungu: nyumba itasimama?

Siku ya Mungu asubui, pita mu barabara yoyote ya Katuba, Kenya ao Ruashi. Mu lupango moja ni rumba ya Kinshasa. Mu lupango ya pembeni ni nyimbo za Mungu. Mbele kidogo vijana wanapiga RJ Kanierra, mutoto wa hapa hapa Lubumbashi, paka ukuta zinatetemeka. Hiyo tumeizoea. Lakini kuna nyumba zingine ambamo muziki zote tatu zinatoka mu lupango moja, saa moja, na hapo ndipo maneno inaanza: "Punguza!" "Punguza wewe!"

Ndiyo maana vijana wanaotaka kuoana wanauliza ulizo ambalo wazazi wengine wanalichekea: kama musichana anapenda muziki ya namna moja na kijana ya namna ingine, wataweza kuishi pamoja? Ulizo hilo si la kuchekea. Mu nyumba ya mufanyakazi wa mine, vyumba ni viwili ao vitatu, redio ni moja, na bwana anarudia ku kazi wakati wengine wanaamka. Muziki haina mulango wa kufunga na funguo.

Jibu tunalileta mapema, kisha tutalieleza: kupenda muziki moja inasaidia watu wawili wajuane mbio, lakini si yenyewe inayosimamisha nyumba. Nyumba inasimama juu ya kile kinachokuwa nyuma ya muziki, na juu ya nafasi ambayo kila mumoja anamupatia mwenzake.

Wimbo unafungua mulango

Mu mwaka 2006, watafiti wawili, Peter Rentfrow na Samuel Gosling, walitoa utafiti waliofanya na wanafunzi wa université moja ya Texas, kule Marekani. Waliwapanga wanafunzi wawili wawili, watu wasiojuana hata kidogo, wazungumze ku intaneti kwa majuma sita ili wajuane. Mu juma la kwanza, 58 ku 100 walizungumza juu ya muziki. Vitabu, filme, nguo, futboli, vyote vilikuja nyuma.

Sisi hapa tunajua sababu yake bila kwenda Texas. Kijana aliyekaa pembeni ya musichana mu taksi hawezi kumuuliza moja kwa moja: "Wewe ni mutu wa namna gani? Unamuogopa Mungu? Unapenda kutembea usiku?" Atamuuliza: "Unasikiaka nani?" Kwa jibu moja tu, anafikiri amejua mambo kumi.

Anafikiri. Hapo ndipo hatari inakaa. Vijana wawili wanaweza kupenda mwimbaji mumoja, kila mumoja kwa sababu yake. Mumoja anapenda maneno ya mapendo. Mwengine anapenda nguo, motoka na chupa zinazoonekana mu video. Siku ya harusi wanacheza wimbo moja. Miaka miwili kisha, wanaona hawakuwa wanasikia kitu kimoja.

Nyuma ya wimbo kuna nini?

Mu mwaka 2011, mutafiti Diana Boer na wenzake walifuatilia jambo hilo na vijana wa Ujerumani na wa Hong Kong. Waliona kwamba watu wenye kupenda muziki moja wanasikia kweli kwamba wako karibu. Lakini kinachowakaribisha si sauti yenyewe. Ni kwa sababu mara nyingi wanalingana mu mambo wanayoyaheshimu maishani. Muziki ni kama moshi: ukiuona, unajua kuna moto fulani chini.

Sasa tuchukue nyumba moja ya hapa, ya namna ambayo kila mutu wa Lubumbashi anaijua. Bwana alikomea mu rumba: Franco, Tabu Ley, Papa Wemba. Bibi, tangu aliingia mu kanisa la uamsho, hizo zote anaziita "muziki ya dunia". Wakati walioana, wote wawili walicheza rumba mbele ya familia. Leo bwana anawasha, bibi anazima.

Ukiangalia juu juu, utasema ni vita ya muziki. Lakini kaa na bibi polepole, atakuambia: "Ile muziki mi nikiisikia, minawaza paka bistro. Mushahara ikitoka, yeye anafika saa sita ya usiku, na feza njo imebakia kule." Kaa na bwana pia: "Nyimbo yake haiko mubaya. Lakini kila juma ni maombi ya usiku, kila juma ni sadaka. Maneno ya pasta njo anasikiaka kupita yangu."

Kumbe hawagombani juu ya gitare. Wanagombana juu ya feza, juu ya wakati, na juu ya nani anayesikiwa mu nyumba. Wakikubaliana kesho kupiga nyimbo za Mungu peke yake, ao rumba peke yake, magomvi itabakia palepale.

Wanaume wengine wanapenda kusema: "Rumba ni urizi wetu, hata UNESCO iliiandika." Ni kweli, iliandikwa mu mwezi wa 12 wa mwaka 2021, kwa ombi la Kongo zote mbili. Lakini UNESCO hailipi minerval ya watoto. Na mama mwenye kusema "Mungu hapendi hiyo muziki" ajiulize pia kama ni Mungu asiyependa, ao ni yeye mwenye kuumia na hajapata namna ya kusema.

Wazazi wetu hawakuikuta muziki moja, waliifanya

Wazee wa kambi wanajua jambo ambalo vijana wamelisahau. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mu 1906. Mu miaka ya kwanza ilichukua wanaume kwa mikataba mifupi, kisha wanarudia kwao. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ikabadilisha: ilitaka mufanyakazi abakie, na bibi yake na watoto, mu nyumba ya kambi, na posho. Watu walitoka Kasai, Lomami, Luapula, Rodezia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, hata Rwanda na Burundi.

Waza sasa ndoa za mu kambi. Bwana alitoka upande mumoja, bibi upande mwengine. Nyimbo ambazo mama zao waliwaimbia wakiwa watoto hazikufanana. Siku ya Mungu kila kabila lilikuwa na ngoma yake. Kama kupenda muziki moja ilikuwa sharti ya ndoa, nusu ya familia za Gécamines hazingekuwa leo.

Walifanya nini? Walikaa pamoja, wakaongea Kiswahili, na kutoka mu maisha hayo ikatoka muziki ingine. Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya mu 1930. Mu mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika na mashini ya kukamata sauti, alimukuta Jadotville, Likasi ya leo, akamukamata na gitare yake mu wimbo wa "Masanga". Edouard Masengo, ndugu yake, alijulikana na kundi la JECOKE la komini Kenya. Wote wawili walifika mupaka Nairobi, na kule pia watu walijifunza gitare yao. Kwa nyimbo zao za Kiswahili, bwana Muluba na bibi Mubemba waliweza kukaa ku redio moja na kufahamu maneno, bila mumoja kumutafsiria mwenzake.

Karindula nayo ni hivyo. Ni pipa, ngozi na kamba ine. Wengine wanaizarau, wanasema ni ya walevi. Lakini ikianza kulia mu lupango, mutu hakuulizi kijiji chako kabla ya kucheza.

Somo ni hili: kupenda kitu kimoja si lazima mukikute siku ya kwanza. Munaweza kukifanya pamoja, pole pole, kama vile munavyozoea chumvi ya bukari na mboga ya mwenzako.

Mambo ya kupanga mu nyumba

La kwanza ni usingizi. Mwenye kutumika usiku analala muchana, na mutu asiyelala vizuri anaweza kupata hatari kubwa ku kazi. Hapa hakuna kuuliza ni muziki gani. Wimbo wa Mungu wa sauti kubwa unaamusha mutu sawa na ndombolo. Bibi na bwana wapange saa za kunyamaza, wawaambie watoto, na wakaongee na majirani kwa heshima. Mupe bwana chumba cha mbali na barabara kama kinapatikana. Na siku yake ya kupumuzika, bwana naye asiwashe bafle saa kumi na moja ya asubui wakati mama hajalala tangu jana juu ya mutoto mugonjwa.

La pili ni feza. Mu muziki yetu kuna mambo ya kutupa libanga: mutu analipa mwanamuziki ili jina lake litajwe mu wimbo. Mu bistro pia watu wanabandika feza ku paji la mwimbaji. Jina lako likitajwa mbele ya watu, ni tamu, hatukatai. Lakini mulipange wote wawili: kila mwezi, kiasi gani kwa furaha ya bwana, kiasi gani kwa furaha ya bibi, kiasi gani kwa kanisa. Kiasi kikiwa kimejulikana, muziki itaacha kubeba lawama isiyo yake.

La tatu ni kuongea. Kuna mambo magumu ambayo wimbo unayafungulia njia. Franco alitoa "Mario" mu 1985, hadisi ya kijana mwenye masomo asiyetaka kutumika, anaishi ku mugongo wa mwanamuke tajiri aliyemupita miaka. Watu wangapi waliongea mambo ya nyumba yao wakijifanya wanaongea mambo ya Mario! Ukishindwa kumuambia mwenzako jambo uso kwa uso, piga wimbo, kisha umuulize: "Wewe unaona nani ana kosa?" Na wimbo wa kanisa pia unaweza kufanya kazi hiyo.

Kwa wale wanaotumika Kolwezi ao Fungurume na familia imebakia Lubumbashi, wimbo ni kamba. Kolwezi ni kilometre karibu 300; bwana hafiki kila juma. Wimbo wa dakika ine unaotumwa ku telefone, na sauti kidogo ya kusema "nimeusikia, nimekuwaza", inapita ujumbe wa "feza imefika?" peke yake. Utume ule anaoupenda yeye, hata kama wewe hauupendi.

Dalili ya kuogopa

Vijana wanaotaka kuoana wasiogope tofauti ya muziki. Waogope zarau. Mutu anayecheka muziki ya kijiji cha mama yako, kesho atamucheka mama yako mwenyewe. Mutu anayevunja redio, anayechukua telefone yako kwa nguvu na kufuta nyimbo zako, ao anayekukataza kuimba mu koro bila kukuuliza hata neno moja, huyo hafundishi muziki. Anataka kutawala. Hiyo haitapona kwa kubadilisha wimbo, na heri uwaambie wakubwa wa familia kabla mahari haijatolewa, kuliko kisha.

Kwa upande mwengine, ukiona mutu asiyependa rumba anakaa na wewe mupaka wimbo unaisha, anakuuliza huyu anasema nini mu Lingala, anakumbuka ule uliolilia siku ya kilio cha baba yako, huyo umuangalie vizuri. Masikio yake haijazoea muziki yako, lakini moyo wake unakusikia. Masikio inazoea. Moyo usiosikia, hata mupende waimbaji kumi pamoja, utawaacha kila mumoja na upweke wake mu nyumba moja.