Paka si ng'ombe mdogo

"Daktari, nichanganye kifuniko kimoja au viwili?" Swali hili huanza kuingia kwenye simu yangu Januari, joto linaposhika Arusha, na haliishi mpaka masika yaanze. Anayeuliza huwa tayari ana kopo mkononi. Amelinunua duka la pembejeo, ni dawa ya kuogeshea ng'ombe, na anayetaka kuogeshwa ni paka anayelala naye kitanda kimoja. Usiku shuka limetupwa chini kwa sababu ya joto, miguu iko wazi, na asubuhi vifundo vimejaa vipele vyekundu vinavyowasha. Viroboto. Anachotaka kwangu ni kipimo tu, halafu akate simu.

Kipimo hakuna. Si kifuniko kimoja, si nusu, si tone. Nimelijibu swali hili kwa upole mara nyingi kiasi kwamba upole wenyewe umeniishia, kwa hiyo leo naliandika, na atakayepiga simu kesho nitamtumia ukurasa huu.

Habari ya joto niimalize haraka. Anayeteseka usiku si paka, ni wewe. Mwili wa paka huwa na nyuzi 38 hadi 39, na hewa inayomfaa, ile ambayo mwili wake hauhangaiki kujipasha wala kujipoza, ni ya nyuzi 30 kwenda juu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ya Februari kipimajoto mara nyingi husoma 16 au 17, hata kama mchana tumelalamika wote kuanzia Kijenge hadi Sakina. Paka anayejibana kwapani mwako saa tisa usiku anafuata joto lako. Ukitaka nafasi, mtandikie kikapu chenye blanketi karibu na mto. Na tafadhali usimnyoe manyoya "apate hewa". Hiyo ni simu nyingine ninayopigiwa, na jibu lake ni hilohilo: hapana.

Joto linahusika kwa mlango mwingine. Kiroboto jike akishashiba damu hutaga mayai hata 40 kwa siku. Mayai hayo hayanati. Yanateleza kwenye manyoya na kudondoka pale paka anapolala zaidi, ambapo kwa wengi wenu ni kwenye godoro. Hewa ikiwa na baridi ya Julai, yai huchukua muda mrefu kufika ukubwani. Kukiwa na joto la Januari na Februari ndani ya nyumba, wiki tatu au nne zinatosha. Viroboto unaowaona wakikimbia tumboni kwa paka ni sehemu ndogo tu ya jeshi. Wengine ni mayai, lava na pupa, wako kwenye mishono ya godoro, chini ya zulia, kwenye mkeka wa watoto. Ukilielewa hilo umeshaelewa nusu ya sababu kwa nini kopo lako halitakusaidia. Nusu ya pili inahusu uhai wa paka.

Hesabu ninayopewa ni hii: ng'ombe ana kilo 300, paka ana kilo tatu, basi gawa kwa mia. Wanaonipa hesabu hii si wajinga. Ni watu waliokulia nyumba zenye ng'ombe wa maziwa, kule Tengeru na Usa River, wanaojua kuogesha mifugo kuliko mimi nilivyojua nilipoanza kazi. Tatizo ni kwamba hesabu ya uzito inafanya kazi pale tu ambapo miili miwili inaishughulikia dawa kwa njia moja. Paka hafanyi hivyo. Katika ini la ng'ombe, la mbwa na la kwako kuna vimeng'enya vinavyoifunga sumu na kuifanya iyeyuke kwenye maji ili itoke kwa mkojo na nyongo. Paka amepungukiwa sana na baadhi ya vimeng'enya hivyo, na pungufu hilo ni la ukoo mzima wa paka, kuanzia wa kufugwa hadi simba wa Serengeti. Ndiyo maana kidonge kimoja cha parasetamoli, unachokunywa wewe kichwa kikiuma na kusahau, kinaweza kumuua. Kwa hiyo dawa inayotoka mwilini mwa ng'ombe bila shida hubaki mwilini mwa paka, inazunguka, inamrudia tena na tena kwenye neva. Umegawa uzito, hukugawa ini.

Jambo la pili ni ulimi. Ng'ombe ukimnyunyizia anasimama akakauka. Paka aliyeloweshwa atajiramba mpaka akauke, na kila alichokosa kukifyonza kwa ngozi atakimeza kwa mdomo. Kwa hiyo yule anayejitetea kwamba "nilimpaka nje tu" hakumpaka nje tu.

Halafu soma lebo, yale maandishi madogo na si picha ya ng'ombe aliyenona. Utakuta moja kati ya mambo matatu. Kama jina linaishia na "-methrini", sipermethrini au deltamethrini kwa mfano, ni ukoo wa pareto, na mishipa ya fahamu ya paka huwaka. Kama ni amitrazi, paka huzubaa, mapigo ya moyo hushuka, mwili hupoa. Kama ni oganofosfeti, mate humtiririka, mboni za macho husinyaa, anaharisha, kifua kinajaa maji. Muuzaji wa dukani hatakwambia haya kwa sababu hukumwambia ni paka. Ulisema "dawa ya viroboto", naye akakupa inayoua kupe.

Hapo ndipo wasomi huniletea hoja ya asili. Pareto ni ua, wanasema, tunalilima wenyewe huko Iringa na Mbeya, litadhuruje? Kwanza, kilichomo kwenye kopo si ua. Permethrini ilitengenezwa maabara ya Rothamsted, Uingereza, na kikundi cha Michael Elliott, ikatangazwa 1973, kwa lengo mahususi la kuiga sumu ya pareto lakini isiyovunjwa upesi na jua. Yaani uzuri wake kwa mkulima ni kwamba haiondoki haraka. Pili, hata ingekuwa ua tupu, mnyaa nao ni mmea.

Na kuna hoja moja nzuri, ambayo naiheshimu. Dada mmoja wa Njiro aliniuliza: chandarua ninacholalia kina dawa hiyohiyo, na paka analala ndani yake nami, mbona hafi? Arusha ndiyo mahali pa kuuliza hivyo. Kiwanda cha A to Z cha hapahapa mjini kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset mwaka 2003, na dawa iliyomo ni permethrini, asilimia 2 ya uzito wa nyuzi. Jibu liko kwenye neno nyuzi. Dawa imechanganywa na plastiki kabla uzi haujavutwa, imefungwa humo, na hujitokeza juu kidogokidogo, kiasi cha kumtosha mbu mwenye uzito usiofikia hata punje ya mchele. Paka anayelala ndani ya chandarua kikavu hagusi kiasi cha kumsumbua, ila asiachiwe kukitafuna. Dawa ya kopo ni kimiminika, imetengenezwa ipenye manyoya na kushika ngozi ya mnyama, na wewe umemlowesha nayo kuanzia shingo hadi mkia. Vivyo hivyo yale matone ya mbwa ya kudondoshea shingoni: baadhi yana permethrini ya asilimia 45 hadi 65. Kopo limeandikwa "mbwa" kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya biashara. Hata mbwa aliyedondoshewa leo asilale na paka usiku huu.

"Lakini wa kwangu nilimwogesha na hakufa." Nashukuru kusikia. Pengine kopo lilikuwa limepitwa na wakati, au ulizimua kuliko ulivyodhani, au mvua ilimnyeshea. Wale waliokufa hamwaripoti, kwa sababu paka akiugua hujificha. Huingia chini ya kabati au kwenye migomba ya jirani, na baada ya siku mbili mnasema amekula panya mwenye sumu, au jirani ana roho mbaya. Nimewahi kusikia kesi nzima ya majirani wawili ikisuluhishwa kwa balozi, na kopo la dip, dawa hiyohiyo ya kuogeshea ng'ombe, likiwa bado juu ya tenki la maji.

Wanaoletwa kwangu wanaletwa kwenye kikapu cha sokoni au boksi la sabuni, usiku, saa chache baada ya kuogeshwa. Harufu hufika kabla yao. Ukimwangalia kwa karibu, kitu cha kwanza ni masikio: yanachezacheza yenyewe, moja baada ya jingine, bila sauti yoyote chumbani. Kisha ngozi ya mgongo inatetemeka kwa mawimbi mafupi. Anatikisa mkono wa mbele kila anapoutua chini, kama aliyekanyaga maji. Ukimgusa tu, anashtuka mwili mzima, na muda si mrefu ni degedege, joto linapanda kupita 40, mate yanatoka. Ana fahamu zake wakati wote wa kutetemeka. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Na hapo mwenye paka ameshamnywesha maziwa. Maziwa hayaondoi sumu. Sumu hizi hupenda mafuta, na maziwa yana mafuta. Zaidi ya hapo paka mwenye degedege hawezi kumeza, maziwa huenda mapafuni, na nakuwa na magonjwa mawili ya kutibu. Mafuta ya kula, yai bichi, mkaa wa jikoni uliosagwa, vyote hivyo acheni. Kama umeshampaka, mwoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mfute, mfunge taulo, njoo. Nasema uvuguvugu kwa sababu. Maji ya bomba yanayoshuka kutoka Meru ni baridi, na sumu za ukoo wa pareto hukaza zaidi mwili unapopoa. Njoo na kopo lenyewe, nisome lebo. Dawa ya kumtibu aliyekunywa oganofosfeti siyo ya aliyepakwa permethrini, na kubahatisha kunagharimu saa ambazo hana.

Kuna na suala la mtoto, ambalo nashangaa kwamba haliulizwi. Paka aliyeloweshwa dip jioni, usiku anapanda kitandani na kulala kifuani kwa mtoto wa miaka mitatu. Lebo hiyohiyo inamtaka mwogeshaji avae glavu na anawe mikono. Anayetaka kujua uzito wa viuatilifu aende Ngaramtoni, pale palipokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, na sasa ni mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA. Mji wetu ndio wenye taasisi ya taifa ya mambo haya, na bado tunapima kwa vifuniko.

Haya, ya kufanya. Hakikisha kwanza ni viroboto: chana paka kwa chanuo la meno ya karibukaribu juu ya karatasi nyeupe ya chooni iliyoloweshwa, vumbi jeusi likivuja wekundu ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu. Nunua dawa ya matone iliyoandikwa paka, yenye fipronili, selamektini au imidaklopridi, kwa uzito wake, idondoshe kwenye ngozi nyuma ya shingo asipofika kwa ulimi, rudia kila mwezi, paka wote wa nyumba na mbwa pia (mbwa kwa ya mbwa isiyo na permethrini). Ukikosa mjini, agiza; usichukue ya mbwa "kwa leo tu". Mtoto wa paka chini ya wiki nane: chanuo, bakuli la maji ya sabuni, uvumilivu. Mafuta ya taa na Dettol, hapana. Shuka na foronya kwa maji ya moto kila wiki, godoro na mkeka juani mchana kutwa, kwa kuwa jua la Februari hukausha mayai na lava bure. Fagia chini ya kitanda, mwaga takataka nje ya nyumba. Usikate tamaa wiki ya tatu ukiona wapya, ni pupa waliokuwa wamejifungia, hao dawa haiwapati mpaka watoke. Mpe paka na dawa ya minyoo, kwa sababu kiroboto hubeba tegu, vile vipande vinavyofanana na punje za mchele kwenye mkia wa paka, na mtoto akimeza kiroboto anaipata. Mikwaruzo ioshwe kwa sabuni, kwani kinyesi cha kiroboto kwenye kucha ndicho kinachobeba bakteria wa homa ya mkwaruzo wa paka. Mwenye pumu inayoamshwa na paka asilale naye, kiangazi wala kipupwe. Kinachomsumbua ni protini iliyo kwenye mate na mafuta ya ngozi, kunyoa hakuiondoi. Mjamzito aogope sanduku la mchanga na udongo wa bustani kuliko kitanda, amwachie mtu mwingine kazi ya kulisafisha. Na chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya paka pia, kila mwaka. Anayelala ndani ya chandarua chako awe nayo kabla ya wote.